Deni Limekwisha, Makato Yaendelee

Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza deni la miaka mingi ndio mwezi wa hatari kwa mfuko wa nyumba. Kwa miaka mitano, saba au kumi, fedha za benki au za chama cha ushirika zilikatwa kabla ya mshahara kufika mkononi, na nyumba ikajifunza kuishi na kilichobaki. Sasa makato yamesita, kipato kimepanda bila mshahara kuongezwa, na fedha hizo mpya hazijapangiwa kazi. Haipiti miezi mingi zinapata wenyewe: runinga kubwa zaidi, simu ya kulipia kila siku, chakula cha kununua jioni baada ya jioni, mchango wa harusi uliozidi uwezo. Ukiuliza zilikokwenda, hapana wa kukujibu.

Kazi yangu ni hesabu za nyumba, na kwa watu wa Mji wa Kale wa Mombasa waliomaliza deni, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, ushauri wangu ni mmoja: endelea kulipa. Lipa kiasi kile kile, tarehe ile ile, ila safari hii unailipa nyumba yako mwenyewe.

Sababu yake ni nyepesi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inakataza makato yote kwa jumla kupita thuluthi mbili za mshahara. Wapo wafanyakazi wa bandarini, walimu na watumishi wa kaunti waliofika mpaka huo na kulea watoto kwa thuluthi moja iliyobaki. Nyumba ya aina hiyo imeshapita darasa gumu kuliko yote, kwa kuwa inajua kipi hakina budi na kipi chaweza kungoja. Lakini nidhamu hiyo ilisimamiwa na mkopeshaji. Akishaondoka, lazima msimamizi mwingine apatikane humo humo ndani.

Funga deni kwa maandishi

Kabla ya kupanga chochote, hakikisha deni limekufa kwenye karatasi pia. Dai barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza. Angalia hati ya mshahara ya mwezi unaofuata uone kama makato yamekoma kweli. Kama uliweka nyumba au kiwanja rehani, hati ya kuondoa rehani isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Barua ya benki peke yake haitoshi. Ikiwa ni gari, jina la mkopeshaji litoke kwenye umiliki. Kwa mkopo wa ushirika, hakikisha wadhamini wako wameachiliwa, kisha uende ukawashukuru.

Pata pia taarifa yako kutoka mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tuyaitayo CRB. Kila mtu ana haki ya nakala moja ya bure kwa mwaka. Hili lina uzito kwa aliyewahi kuchelewesha malipo, kwa kuwa kumbukumbu ya ucheleweshaji huweza kubaki miaka mitano baada ya deni kulipwa. Ikionyesha kwamba bado unadaiwa, itakufuata siku utakapohitaji mkopo wa maana.

Anayeona haya kudai karatasi akumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Kuandika hakuvunji udugu. Hulinda pande zote mbili.

Mafungu manne

Tuchukue mfano wa nyumba iliyokuwa ikilipa shilingi 12,000 kwa mwezi, na mahitaji yake ya lazima, yaani chakula, kodi, stima, maji, nauli na shule, ni shilingi 35,000. Makato yale tuyagawe hivi: 6,000 dharura, 3,000 mfuko wa mwaka, 2,000 matengenezo, na 1,000 furaha ya nyumba.

Fungu la dharura lina lengo la kwanza la kutosha mahitaji ya mwezi mmoja. Kwa 6,000 kila mwezi, miezi sita inakupa 36,000. Baada ya hapo lengo ni miezi mitatu, yaani 105,000, na utalifikia katika mwezi wa 18. Hapo 6,000 zile zitakuwa huru kwa jambo kubwa: ada ya chuo, mtaji au Hija.

Angalia unapoziweka. Akiba ya ushirika ni nzuri, na ndiyo inayofungua mlango wa mkopo, lakini kwa kawaida haitoki mpaka mwanachama ajitoe. Mtoto akilazwa usiku, fedha hizo hazitakufaa. Dharura iwe kwenye akaunti inayofunguka kwa siku moja au mbili, ila isiwe kwenye simu unayonunulia vocha. Anayejiepusha na riba ana pa kwenda: tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazoendeshwa kikamilifu kwa sheria ya Kiislamu. Kibati cha akina mama wa mtaa, yaani mchango wa kupokezana, nacho ni chombo kizuri cha kununulia kitu kikubwa kwa zamu, lakini zamu haijui ugonjwa, kwa hivyo hakishiki nafasi ya dharura.

Fungu la furaha msilifute, hata kama ni dogo. Watoto waliosikia “hatuna, tunalipa deni” kwa miaka wanastahili kuonja matunda ya subira yao. Nyumba isiyojiruhusu hata viazi karai na maji ya ukwaju kule Forodhani mara moja kwa mwezi huja ikavunja mpango wote kwa siku moja.

Kalenda mbili katika nyumba moja

Mfuko wa mwaka ndio unaozishinda nyumba nyingi za Mji wa Kale, na chanzo chake ni kalenda. Mshahara, kodi na ada za shule hufuata mwaka wa jua. Ramadhani, Idi na msimu wa harusi hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wa mwandamo una upungufu wa siku kama 11. Kwa hiyo gharama za Ramadhani hutangulia kila mwaka, huku mfuko ukidhani bado kuna muda.

Kwa miaka inayokuja jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2029 katikati ya Januari. Mwaka 2030 itaingia mara mbili: siku za mwanzo za Januari, na tena siku za mwisho za Desemba. Ada ya muhula wa kwanza, sare, vitabu, futari, nguo za Idi na zakatul fitri vitagongana ndani ya wiki chache. Wakopeshaji wa simu hupata wateja wengi majira kama hayo.

Dawa yake ni kuhesabu mwaka kwa miezi 11. Andika gharama zote zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka: Ramadhani na Idi mbili, shule, michango ya harusi na matanga, na bima ya afya. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, humtaka asiyeajiriwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Jumlisha, gawanya kwa 11, uone kama 3,000 zinatosha. Zikipungua, punguza gharama mapema, hasa michango na nguo za sare za harusi, kabla hujatoa ahadi mbele za watu. Wazee walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Jikoni, kusi na kaskazi

Chakula ndiyo gharama kubwa inayobadilika kila siku, na hapo ndipo ujuzi wa mama wa nyumba una thamani kuliko ushauri wa mtaalamu yeyote. Nina mambo mawili tu ya kumkumbusha.

La kwanza ni pepo. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia, wavuvi hutoka, na samaki hupatikana kwa wingi na kwa bei ya afadhali. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, samaki huadimika na bei hupanda. Bajeti ya kitoweo iliyo sawa miezi yote 12 imesahau bahari. Miezi ya kaskazi kula samaki kwa nafasi, na ukiweza weka ng'onda na papa. Miezi ya kusi rudi kwenye mbaazi za nazi, kunde, pojo na mchicha. Chakula hicho cha watu wa pwani kina lishe na heshima yake, na anayekila hana wa kumwonea haya.

La pili ni vipimo. Mafuta ya kupima, unga wa kupima na sukari ya kupima humsaidia mwenye kipato cha kutwa, lakini kilo moja iliyonunuliwa kwa robo robo hugharimu zaidi ya iliyonunuliwa nzima. Wakati wa deni pengine hukuwa na njia nyingine. Sasa unayo. Katika mwezi wa kwanza nunua kwa jumla bidhaa tatu tu zisizoharibika: mchele, sukari na mafuta. Soko la Marikiti liko mwendo wa miguu, na anayebeba orodha iliyoandikwa hurudi na alichokifuata. Duka la mtaani lisiachwe, kwa sababu ndilo lililokukopesha siku za dhiki, lakini daftari la deni lifungwe. Bandu bandu huisha gogo.

Stima, maji na ukuta

Tangu Aprili 2023 watumiaji wa stima wa majumbani wamepangwa katika ngazi tatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Ukipanda ngazi, bei ya yuniti nayo hupanda. Nyumba yenye friji na feni kwa joto letu si rahisi kubaki chini ya 30, lakini nyingi zaweza kubaki chini ya 100. Andika kila ununuapo tokeni ni yuniti ngapi ulizopata, kwa kuwa shilingi pekee hazikuonyeshi ngazi uliyopo. Pasi ya umeme na jagi la kuchemshia maji ndivyo vya kutazama kwanza.

Maji ya mfereji kisiwani huja kwa zamu, na yasipokuja nyumba hununua mitungi ya lita 20 ya mikokoteni kwa bei inayopanda kadiri shida inavyozidi. Kwa hiyo katika vitu vyote vya kununua baada ya deni, tangi la maji huwa la kwanza kujilipa, mbele ya runinga na makochi.

Fungu la matengenezo lina sababu yake hapa kwetu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu na kuutoa, nao ukipigwa saruji unyevu hunaswa ndani, plasta ikabambuka na boriti zikaoza. Kutia chokaa palipobambuka na kuziba paa kabla ya masika ni kazi ya maelfu ya shilingi. Kuiacha miaka kadhaa huigeuza kuwa kazi ya laki, na laki hizo hutafutwa kwa mkopo. Kwa kuwa mtaa huu ni eneo la hifadhi, ulizia kibali kabla ya kugusa mlango, roshani au sura ya nje.

Mlango wa nyuma wa deni

Deni kubwa hutoka kwa mlango wa mbele, na deni dogo huingia kwa simu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa na kukopa tena mwaka mzima kwa kiwango hicho hulipa jumla ya asilimia 90. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutoza ada unapoichukua na ada nyingine kwa kila siku inayopita. Linganisha na Hazina ya Hasla ya Novemba 2022, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hata hiyo ni riba, na mwenye fungu la dharura haihitaji. Lengo la miezi sita ya kwanza liwe kukaa bila kugusa hata moja ya mikopo hii.

Jihadhari vilevile na udhamini. Habari kwamba umemaliza deni husafiri haraka katika vichochoro vyetu, na wa kwanza kuja ni ndugu na wafanyakazi wenzako wanaotafuta wadhamini. Unapotia sahihi, deni la mwenzako litakuwa lako siku atakaposhindwa. Ni heri kumpa ndugu zawadi ya kiasi unachokimudu kuliko kumdhamini kwa kiasi usichokimudu.

Watu watasema umekuwa bahili. Uislamu unakataza israfu na ubahili kwa pamoja, na njia ya kati baina ya hayo mawili ndiyo inayosifiwa. Tena akiba yako si yako peke yako: mwenye deni lililomshinda ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki kupewa zaka. Akiba ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka wa mwandamo, mwenye akiba huwajibika kutoa asilimia 2.5. Basi wewe uliyemaliza deni mwezi huu, weka makato ya kwanza ya nyumba yako kabla mwezi haujaisha, na uweke nia kwamba siku moja zaka itatoka katika nyumba hiyo kumfikia jirani anayedaiwa.