Utani wa Wapiga Picha na Kamera za Wakubwa

Ndugu wafanyakazi, kila kazi ina utani wake. Washonaji humcheka mwenye cherehani mpya asiyejua kutunga uzi kwenye sindano. Madereva humcheka anayeosha gari kutwa na safari haendi. Wapiga picha nao wanao utani wao, na mwingi unamhusu yule bwana anayetembea na kamera ya bei kubwa kifuani.

Kisa kimoja wanakisimulia katika nchi nyingi. Mpiga picha alialikwa chakula nyumbani kwa tajiri. Mama mwenye nyumba akamwambia, "Picha zako nzuri sana. Bila shaka una kamera nzuri." Mgeni akanyamaza, akala, akanawa. Wakati wa kuaga akasema, "Mama, chakula kilikuwa kitamu sana. Bila shaka una sufuria nzuri."

Kamera inayotaniwa kuliko zote ni Leica ya Ujerumani. Aliyeibuni, Oskar Barnack, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, kiwanda cha hadubini. Fundi huyu alikuwa na pumu, na kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito yanayobebwa pamoja na vioo na miguu mitatu. Kupanda nazo mlima kulimkata pumzi. Kabla ya vita vya 1914 akatengeneza kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema na kuingia katika mfuko wa koti. Ilianza kuuzwa mwaka 1925, na waandishi wa habari wakaipenda kwa kuwa ni nyepesi na haina kelele. Kifaa hiki basi kilizaliwa ili kumpunguzia mtu mzigo.

Leo mzigo umehamia kwenye pochi. Leica M11, iliyotoka Januari 2022, iliuzwa Marekani kwa dola 8,995, tena bila lenzi. Ni kama kununua baiskeli ukaambiwa magurudumu utayalipia mbali. Ndiyo maana wapiga picha wa huko husema Leica ni kamera ya madaktari wa meno: watu wenye fedha, wanaofanya kazi nyingine wiki nzima, na Jumapili wanapiga picha ya paka wao.

Tusiwaonee. Wapo walioifanyia kazi ya kweli. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliibeba miaka mingi, na sehemu zake zinazong'aa alizifunika kwa utepe mweusi ili watu barabarani wasimtambue. Baadaye wengi wakaiga, wakawa wanaficha hata ile alama nyekundu ya duara iliyo mbele. Kampuni ikaona. Mwaka 2014 ikatoa kamera ya M-P isiyo na alama hiyo mbele, na bei yake ikawa juu kuliko ile yenye alama. Wapiga picha walicheka sana. Ukitaka kuonekana, lipa. Ukitaka usionekane, ongeza.

Lakini jambo lililotugusa sisi wa chama ni la mwaka 2015. Kampuni ilitoa kamera 125 zilizobuniwa na mwanamuziki Lenny Kravitz. Zilikuwa mpya kabisa, ila rangi yake nyeusi ilikwanguliwa kwa mkono, penye kona na penye vidole, mpaka shaba ya manjano ikatokea chini. Shabaha ilikuwa zifanane na kamera ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini juani na mvuani. Ndugu, hebu fikirini! Kuna mfanyakazi aliyelipwa mshahara ili achakaze kitu kipya, apate kukinunua mtu ambaye hatakichakaza mwenyewe. Tulipoelezwa tulicheka, kisha tukajitazama viganja. Iko siku watauza na sugu za mikono.

Na mikono yenyewe ni ya nani? Tangu 1973 kampuni ina kiwanda Ureno, katika mji wa Vila Nova de Famalicão. Kwa kamera nyingi za Leica, sehemu kubwa ya kuunga vipuri hufanywa na wafanyakazi wa pale. Kisha kamera hupelekwa Ujerumani kumaliziwa, na juu yake huchorwa kwamba imetengenezwa Ujerumani. Mreno hatajwi. Wachumaji wa chai watalielewa jambo hili upesi kuliko daktari wa meno, maana wameziona pakiti za majani yao wenyewe zikiwa na jina la mji wa Ulaya.

Sisi pia tuliwahi kuonana na kamera ya namna hiyo. Katika kiwanda kimoja cha chai ndugu yetu alikatwa vidole viwili na mashine ya kusagia majani. Ofisi ikasema mashine ilikuwa na kinga yake na kosa ni la mfanyakazi. Juma moja kabla ya ajali, kampuni ilikuwa imemleta mgeni mwenye kamera yenye duara jekundu, apige picha za kalenda. Tukaomba kuziona. Zilikuwa nzuri kwelikweli: vilima, ukungu, akina mama wanacheka na vikapu mgongoni. Mashine hata moja haikuwamo.

Tukamkumbuka kijana wa getini, yule anayepiga picha za vitambulisho siku za mshahara. Kamera yake ni ya plastiki, kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na nyapara humwita fundi wa sanduku la biskuti. Mwezi ule ule vijana walikuwa wamemwita ndani awapige kila mmoja mahali pake pa kazi, wapeleke nyumbani. Nyuma ya bega la mmoja wao mashine ilionekana wazi, meno nje, kinga hakuna, na tarehe imeandikwa pembeni.

Picha hiyo ndiyo tuliyoiweka mezani. Ofisi iliitazama kwa muda mrefu, ikaomba kikao kingine, na fidia ikalipwa. Kijana alitutoza bei ya picha nne za pasipoti, na nauli akaidai mbali.