Majivu ya Volkano na Umri wa Binadamu wa Kale

Mataifa mengi yana visasili vya asili ya binadamu. Baadhi husimulia kuwa alifinyangwa kwa udongo. Wengine, kuwa alishuka kutoka mbinguni. Masimulizi hayo hufundisha binadamu ni nani na aishi vipi na wenziwe. Sayansi huuliza swali jingine: alitokea lini? Jibu lake sharti liwe na ushahidi unaoweza kupimwa tena.

Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aligundua fuvu katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Liliitwa Zinjanthropus; siku hizi huainishwa katika jenasi ya Paranthropus, tawi la jamii ya binadamu lililokwisha kutoweka. Mumewe, Louis Leakey, alilikadiria kuwa na miaka 600,000 hivi.

Mwaka 1961 ulitangazwa umri uliopimwa: miaka milioni 1.75, yaani karibu mara tatu ya kadirio hilo. Hata hivyo, mfupa wenyewe haukupimwa. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyomo katika matabaka ya korongo hilo.

Majivu hayo yana fuwele zenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu, iitwayo potasiamu 40, hubadilika polepole, na baadhi yake huwa gesi ya agoni. Nusu ya atomu zake hubadilika katika muda wa miaka milioni 1,250 hivi. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukipoa, agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Kwa hiyo, kadiri agoni inavyozidi ikilinganishwa na potasiamu iliyobaki, ndivyo majivu yalivyo ya kale zaidi. Kisukuku kilichozikwa baina ya matabaka mawili ya majivu ni cha baadaye kuliko tabaka la chini, na cha kale kuliko la juu.

Kwa njia hiyo hiyo, nyayo zilizogunduliwa Laetoli mwaka 1978, kusini mwa Olduvai, zilijulikana kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 3.5. Ilidhihirika kwamba kutembea wima kwa miguu miwili kulitangulia sana kukua kwa ubongo.

Saa hii nayo yaweza kupotosha. Mto ukichanganya fuwele kuukuu na majivu mapya, umri utazidi ukweli. Kwa hiyo mwanafunzi asomapo umri wa kisukuku katika kitabu chochote, yafaa aulize kwanza: ni kitu gani kilichopimwa?