Spoila ya Mbele na Ukaidi wa Plastiki

Kuivua spoila ya mbele ya Subaru Impreza hakuhitaji ubingwa. Gari linapandishwa na kuegemezwa kwenye stendi (jeki peke yake haimtoshi mtu anayejipenda), kisha ni bolti chache, skrubu, na klipu za plastiki zinazobanduliwa kwa bisibisi bapa. Fundi mwenye mkono mwepesi anamaliza kabla chai haijapoa. Kinachokula muda, pesa, na mara nyingine urafiki wa fundi na mteja, ni rangi. Kipande kipya kinaletwa kikiwa cheusi, kinapulizwa buluu yenye namba ileile iliyo kwenye kibati cha gari, kinafungwa, na mwenye gari akirudi nyuma hatua chache anaona bampa lina buluu yake na spoila ina yake. Baada ya miezi michache, rangi ya spoila inaanza kutoka vigamba.

Lawama zote humwangukia fundi. Sehemu yake ni ya haki. Sehemu iliyobaki inaistahili plastiki, ambayo kwa asili yake haitaki kushikwa na kitu, pamoja na mwanga, ambao haujui kusoma namba za rangi.

Impreza ina udugu wa muda mrefu na Kenya. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa gari hilo, na hadi leo wapo vijana Nairobi wanaolisubiri kwenye meli za magari ya mtumba kutoka Japani zinazoshusha Mombasa. Kinachochekesha ni kwamba magari ya Safari yaliinuliwa juu ili yavuke mawe na makorongo, ilhali wapenzi wa mjini hulishusha kwa springi fupi, halafu wakaenda kukutana na matuta. Wengi pia hukosea kwenye breki. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele, springi za mbele zinabonyea na pua inashuka. Dereva anayeshikilia breki mpaka juu ya tuta hukwaruza spoila ambayo ingepita salama kama angepunguza mwendo mapema, akaachia kanyagio kabla tairi halijaanza kupanda.

Spoila hiyo haikuwekwa kwa urembo tu. Gari likienda kasi, hewa inayopita juu ya bodi hukimbia zaidi na shinikizo lake hupungua, huku hewa nyingine ikijisokota chini, katikati ya injini, ekseli na ekzosi. Tofauti hiyo huinua gari, tairi za mbele zinapungukiwa na mzigo na usukani unakuwa mwepesi pale ambapo ungetaka uwe mzito. Spoila ya mbele hupunguza hewa inayoingia chini. Ndiyo maana Porsche waliifunga kwenye 911 S ya mwaka 1972. Ila nguvu ya hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na hapo ndipo hesabu inapotia adabu. Chukua gari lenye uso wa mita za mraba 2 na mgawo wa kuinuka wa 0.1 kwenye ekseli ya mbele. Kwa kilomita 50 kwa saa, pua inainuliwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2 na kidogo. Kwa kilomita 100 ni kilo 9 na nusu, na kwa 200 ni kama kilo 38. Mjini, basi, unabeba pambo. Isipokuwa kama gari lako ni Corvette ya kati ya 1984 na 2004: hapo kipande cheusi kilicho chini ya pua ndicho kinachoielekeza hewa juu kwenye rejeta, na kikikatika injini inaweza kuchemka ukiwa barabara kuu.

Kabla ya kununua spoila nyingine, mwagia maji mkwaruzo wenyewe. Ukipotea machoni ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye kliya, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Mkwaruzo huonekana mweupe kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga kila upande. Maji yakijaza mfereji ule, mwanga unapita karibu kana kwamba kliya haijakatika, maana maji huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha kliya kuliko hewa inavyofanya. Mkwaruzo wa aina hiyo huondoka kwa msasa laini wa maji na polishi. Ukiendelea kuonekana hata ukiwa umelowa, na ukucha ukakwama ndani yake, rangi imekatika. Na plastiki ikiwa imepasuka karibu na matundu ya bolti, mimi ningenunua nyingine bila kujadiliana. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba kila kishindo, na gundi haidumu hapo.

Geuza kipande kipya, utafute maandishi madogo yaliyofinyangwa nyuma, kati ya alama mbili za mshale. Mara nyingi utakuta >PP+EPDM-TD20<. Maana yake ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na ndani yake asilimia 20 ni unga wa talki. Vipo vya ABS, vya poliurethani, na vile vya fiba vinavyopendeza dukani na kuvunjika kwenye tuta la kwanza. Kuna mafundi wanaotambua polipropilini kwa kuitumbukiza kwenye ndoo, kwa kuwa huelea. Kwa polipropilini tupu wana haki. Talki, hata hivyo, ni jiwe, na mchanganyiko wa asilimia 20 unatosha kukizamisha kipande. Yaamini maandishi kuliko ndoo.

Polipropilini ilipatikana mwaka 1954 katika maabara ya Giulio Natta huko Milano, kwa vichocheo vilivyotokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, na mwaka 1963 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni nyepesi, ni rahisi, inapinda bila kuvunjika, asidi ya betri haiifanyi kitu. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo balaa la mpaka rangi. Molekuli zake ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tu, hazina mahali ambapo rangi ingeweza kung'ang'ania. Dondoshea tone la maji juu yake: litajikusanya kama shanga na kuviringika, kwa sababu maji yanavutana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyovutwa na plastiki ile. Rangi nayo hufanya hivyohivyo, ila kwa siri. Ikiwa mbichi inaonekana imetandazika vizuri. Ikikauka imekaa juu tu kama mgeni asiyefungua begi.

Viwandani hupitisha mwali wa gesi juu ya kipande kwa muda mfupi sana. Moto unaingiza oksijeni kwenye ngozi ya plastiki, na kuanzia hapo tone la maji linatandaa badala ya kujikunja. Gereji hufikia lengo hilo kwa praima maalumu ya plastiki, inayopulizwa nyembamba mno, karibu haionekani. Ndani yake mna aina ya polipropilini iliyotiwa klorini: upande mmoja inafanana na plastiki kiasi cha kujichanganya nayo, upande mwingine inapokea rangi. Fundi anayeiruka akaweka praima ya mabati ndiye anayeviandaa vile vigamba vya baadaye. Hata praima ya plastiki haiokoi kipande kichafu. Spoila mpya hutoka kiwandani na mabaki ya kilainishi kilichotumika kuitoa kwenye kalibu, kwa hiyo inaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, inafutwa kwa kisafishio cha mafuta, inapigwa msasa mwembamba, na inafutwa tena. Silikoni ya kung'arishia dashibodi ni adui wa pekee. Chembe yake ikiangukia kazi, rangi inakimbia na kuacha vijishimo vya duara.

Kisha kuna jua. Plastiki hii hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma. Spoila ya urefu wa mita 1.5, ikitoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 60 za maegesho ya mchana, inaweza kurefuka kwa milimita 4 hadi 6. Ukanda wa chuma wa urefu huohuo haufiki hata milimita 1. Chungulia matundu ya bolti za pembeni utaona yamerefushwa kidogo, si duara kamili. Yameachwa hivyo ili kipande kipate nafasi ya kusogea, na anayezikaza bolti hizo kwa nguvu zake zote anakifunga kisitembee, kikaishia kujikunja. Rangi nayo lazima itanuke na kurudi pamoja na plastiki, ndiyo sababu kliya ya vipande laini hutiwa kilainishi.

Sasa buluu yenyewe. Kwa Impreza nyingi za buluu namba ni 02C, buluu ya mashindano. Namba hiyo ni fomula ya kuchanganya, basi. Rangi za metaliki na za lulu zina vipande vidogo bapa vya aluminiamu au maika, vyenye upana wa sehemu ya elfu ya milimita mara kumi hadi thelathini hivi, vinavyoelea ndani ya rangi mbichi. Rangi inaponywea inapokauka, vinalala. Vikilala sambamba na uso, ukitazama kwa mbele gari linang'aa na ukitazama kwa pembeni linakuwa jeusijeusi. Vikisimama ovyo, mng'ao unasambaa na tofauti hiyo inapotea. Jinsi vitakavyolala inategemea mkono: umbali wa bunduki ya kupulizia, shinikizo la hewa, wingi wa thina, joto la siku ile. Ukipuliza kavukavu, buluu inapauka, ukilowesha, inakoza. Kopo moja, mafundi wawili, buluu mbili.

Vilevile mvutano wa dunia unahusika. Spoila iliyolazwa mezani ikapulizwa kutoka juu hulaza vipande vyake tofauti na bampa lililopulizwa likiwa limesimama. Fundi anayejua kazi hukitundika kipande jinsi kitakavyokaa kwenye gari. Kabla ya hapo hupuliza kikadi cha majaribio, na kliya juu yake, akakipeleka nje kukilinganisha na bampa juani, kivulini, kwa mbele na kwa pembeni. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya jua na kuachana chini ya taa ya barabarani, ikiwa zimechanganywa kwa viungo tofauti. Tena bampa la zamani limepigwa na jua kwa miaka, na fomula ya kiwanda haina habari na hilo. Maduka makubwa ya rangi yana kipimo kinachosoma rangi kwa pembe kadhaa na kupendekeza marekebisho, nacho kinastahili gharama yake, ila hakipulizi. Ninapoona kazi iliyolingana barabara, heshima yangu kubwa huiendea ile saa aliyoitumia mtu kupuliza vikadi.

Kliya ya kisasa huja kwa makopo mawili. Moja ni resini, la pili ni hadena yenye isosianati, kemia iliyoanzia kwa Otto Bayer huko Leverkusen mwaka 1937. Zikikutana, molekuli zinashikana na kuwa wavu mmoja ambao thina haiwezi kuuyeyusha. Duko, ile rangi ya haraka ya mitaani, haina wavu. Inakauka kwa thina kuruka tu. Ilikuwa mapinduzi ilipopakwa kwenye magari ya Oakland huko Marekani mwaka 1923, maana varnishi za kabla yake zilichukua wiki kukauka. Lakini kwenye plastiki inayopindapinda, duko hupasuka. Ukitaka kujua umeuziwa ipi, chovya kitambaa kwenye thina, ukisugue mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni duko.

Hadena hiyo ina madhara ambayo gereji nyingi huyapuuza. Isosianati ikivutwa na mapafu inaweza kuleta pumu ya kudumu, na aliyekwisha kuathirika hushikwa hata na kiasi kidogo mno. Pua haikuonyi; harufu inayosikika pale ni ya thina. Leso iliyofungwa mdomoni haizuii kitu. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hakuna anayeruhusiwa kutumia isosianati kazini bila kupata mafunzo kwanza.

Isosianati pia inapenda maji. Ikikutana nayo hutoa hewa ya kaboni, na kliya inabaki na vitundu kama vya sindano. Kwa hiyo Mombasa si Nairobi. Pwani unyevu uko hewani mchana na usiku, na kompresa inapoibana hewa hiyo maji yanajikusanya ndani ya tangi. Lisipofunguliwa kumwagwa kila asubuhi, yatatokea kwenye bunduki. Nairobi shida ni baridi ya Julai. Joto likishuka kwa nyuzi 10, kukomaa kwa kliya kunachukua takriban muda maradufu, na kliya inayonata kwa saa nyingi hukusanya kila vumbi la mtaa. Kukiingiza kipande kwenye oveni ya nyuzi 60 kunasaidia, mradi kimeegemezwa urefu wake wote, maana plastiki moto hulegea.

Ukiniuliza, ningepaka uso unaoonekana na kuuacha mweusi ukingo wa chini, ule unaotazamana na lami. Porsche hufanya hivyo kwenye 911 GT3: mdomo wake ni ukanda mweusi wa plastiki laini, haupakwi rangi, umefungwa kwa skrubu chini ya bampa. Wenye magari hayo huuhesabu kundi moja na matairi na pedi za breki.