Damu baada ya kujifungua: saa tatu zinaanza kuhesabiwa wapi?

Wiki iliyopita, tulipomaliza kipindi cha asubuhi kuhusu akina mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, uliingia ujumbe mmoja ulionifanya nibaki studio. Msikilizaji mwanaume, mke wake ana mimba ya miezi minane, aliandika: "Mtangazaji, umesema dawa itolewe ndani ya saa tatu. Hizo saa tatu zinaanzia wapi? Damu ikianza, au tukifika kituoni?"

Nilimjibu kwa kifupi hewani kesho yake, lakini swali lake halitoshi kwenye sekunde 30. Jibu fupi ni hili: zinaanzia pale mtoto anapotoka. Haianzi damu inapotisha, wala bodaboda inapowasili. (Na nikisema saa tatu nina maana ya muda, si saa tatu asubuhi. Kuna mama mmoja alinielewa hivyo, na kosa lilikuwa langu.) Jibu refu ni namna tulivyofika kuzijua hizo saa tatu, maana kuna watu waliolipia ili zijulikane, na zilichelewa sana.

Tuanze na dawa yenyewe. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Vituoni wengi huiita kwa herufi tatu tu, TXA. Kondo la nyuma likishatoka, pale liliposhikamana hubaki mishipa ya damu iliyo wazi. Mfuko wa uzazi unatakiwa ukaze kama ngumi na kuibana hiyo mishipa. Usipokaza, damu inamwagika. Ndiyo maana mkunga humchoma mama sindano ya oksitosini mara mtoto anapozaliwa. Wakati huohuo mwili unagandisha damu ili kuziba palipo wazi. Lakini mwili huohuo una kitu kinachoyeyusha mabonge ya damu, na kwa mama anayevuja sana kitu hicho huweza kufanya kazi kupita kiasi mapema sana baada ya kuzaa. TXA inakizuia. Haikazi mfuko wa uzazi, kwa hiyo haichukui nafasi ya oksitosini. Inalinda bonge lililokwisha kujitengeneza lisiyeyuke.

Aliyeivumbua ni daktari mwanamke wa Japani, Utako Okamoto, akifanya kazi na mumewe Shosuke. Ilikuwa baada ya vita, nchi imeungua na fedha hakuna. Waliamua kuchunguza damu kwa sababu fedha zikikosekana wangeweza kutumia damu yao wenyewe. Kuna nyakati alifanya kazi maabara na bintiye mdogo mgongoni, kama mama wa kwetu anavyokwenda shamba. Nia yake toka mwanzo ilikuwa kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mwaka 1962 wakatangaza dawa hiyo.

Na hapo ikakwama. Okamoto aliwaomba madaktari wa uzazi waijaribu kwa akina mama, hakufanikiwa. Dawa ikatumika kwa hedhi nzito na kwa kung'oa meno ya watu wenye maradhi ya damu kutoganda. Kwa kazi aliyoikusudia, hakuna aliyeipima kwa ukubwa unaotosha karibu miaka 50.

Kwa nini? Mimi si daktari, lakini hesabu yake ni ya sokoni tu. Kupima dawa kwa maelfu ya watu ni gharama kubwa. Kampuni inayotoa gharama hiyo hutarajia kuirudisha kwa kuuza. TXA ilishakuwa dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayoweza kutengenezwa na viwanda vingi. Na wanaoihitaji zaidi ni wanawake wa nchi kama yetu. Nani awekeze hapo? Maswali ya namna hii hubaki mezani mpaka ije fedha ya umma, au ya mashirika ya hisani, isiyodai faida.

Ilikuja kwa njia ya mzunguko, kupitia majeruhi wa ajali. Watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London, kwa fedha za utafiti wa afya za serikali ya Uingereza, walijaribu TXA kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa dawa walikufa kwa uchache zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba faida ilikuwa kwa waliopewa mapema; waliopewa baada ya saa tatu hawakufaidika, na ilionekana huenda iliwadhuru. Hapo ndipo saa tatu zilipojitokeza kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2010 walikuwa wameshaanza utafiti wa akina mama. Fedha zilitoka Wizara ya Afya ya Uingereza, yaani kodi za wananchi wa kule, pamoja na mashirika ya hisani ya Wellcome na ya Bill na Melinda Gates. Kampuni ya Pfizer nayo ilichangia mwanzoni. Mpaka wanamaliza kuandikisha mwaka 2016, walishafikia wanawake 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwemo.

Hapa ndipo simu huwa zinaingia kwa hasira: "Kwa hiyo dada zetu walifanywa panya wa maabara?" Ni swali la haki, na anayeuliza asibezwe. Kila mwanamke katika utafiti ule alipata matibabu yote ya kawaida ya hospitali aliyokuwepo. Juu ya hayo, nusu walipewa TXA na nusu wakapewa maji ya chumvi, yale ya dripu, na hata daktari anayechoma hakujua amechukua ipi. Ni lazima iwe hivyo, la sivyo daktari angempa dawa yule anayemwonea huruma zaidi, na mwishoni tusingejua kilichomponya ni nini. Aliyeweza kuelewa aliombwa ridhaa. Aliyekuwa hoi, ndugu waliulizwa, au alielezwa baadaye alipopata nafuu. Hapa Tanzania utafiti wa tiba kwa binadamu hauanzi bila kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kinatoka NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukifuatwa kituoni uingie kwenye utafiti wowote, una haki ya kuuliza kibali kiko wapi na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Chukua akina mama 1,000 wanaovuja damu nyingi, waliotibiwa ndani ya saa tatu bila TXA: 17 walikufa kwa damu. Chukua 1,000 wengine waliopata TXA ndani ya muda huohuo: walikufa 12. Tofauti ni watano. Waliopewa baada ya saa tatu, faida haikuonekana. Watafiti walikuwa na hofu kwamba dawa ingeleta mabonge ya hatari kwenye mapafu au miguu, lakini hayakuongezeka.

Na hao watano ndio sababu ya kuwahitaji wanawake 20,000. Ukijaribu kwa wanawake 200, watakufa wawili huku na mmoja kule, na hakuna atakayejua kama ni dawa au ni bahati.

Kuna jambo ambalo dawa haikufanya, na ni vizuri ulijue. Haikupunguza idadi ya wanawake waliotolewa kizazi. Mara nyingi uamuzi wa kukitoa ulifanyika palepale dawa ilipokuwa inachomwa, kwa hiyo haikupata muda wa kusaidia.

Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka huohuo wa 2017: mama anayevuja damu nyingi apewe gramu moja ya TXA kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa tatu tangu ajifungue. Utako Okamoto hakuyaona. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 98.

Mwaka 2018 watafiti waliunganisha hesabu za majeruhi na za akina mama, jumla watu zaidi ya 40,000, wakaona kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo usizichukue saa tatu kama muda wa kujiandaa. Faida inaanza kupungua tangu dakika za mwanzo, na mwisho wa saa tatu ndipo inapokwisha.

Baadhi yenu mmeuliza: kama ni nzuri hivyo, kwa nini wasichome kila mama kabla hajaanza kuvuja? Hilo nalo limepimwa. Wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu, katika Pakistan, Nigeria, Zambia na Tanzania, waliingia kwenye utafiti, na majibu ya mwaka 2023 yalikuwa hapana: TXA haikuzuia damu nyingi isianze. Jibu la "hapana" halitangazwi sana, lakini limetuokolea sindano nyingi zisizo na kazi. Kinga ya upungufu wa damu imebaki ileile: kliniki mapema, vidonge vya madini ya chuma, kujikinga na malaria.

Utafiti mwingine, ambao Tanzania nayo imo, ulianzishwa kuangalia kama sindano ya msuli inaweza kufanya kazi ya ile ya mshipa. Kwa anayejifungulia zahanati ya mbali yenye mhudumu mmoja, hili ni jambo kubwa. Kutafuta mshipa wa mtu aliyekwisha kuishiwa damu, usiku, kwa tochi ya simu, si mchezo.

Sasa nirudi kwa msikilizaji wangu. Tatizo la nyumbani ni kwamba damu haipimwi, inakadiriwa. Nusu lita na kuendelea ndiyo huhesabiwa kuwa nyingi, lakini kanga inakunywa damu na godoro linakunywa, na kila mtu anasema "ni uchafu wa uzazi, utaisha." Hata wakunga waliosoma hukosea kwa macho. Katika utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000 katika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali zilizokinga damu kwa mfuko wenye alama za vipimo na kutoa matibabu yote kwa pamoja zilipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Huko nyumbani huna mfuko huo. Kanga ikilowa chapa ukabadilisha nyingine nayo ikalowa, au mama akaanza kizunguzungu, jasho la baridi, maneno kupotea, ondokeni. Hapa Tanzania namba ya m-mama ni 115, haina malipo, na inaitwa kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga.

Bora zaidi ni mama asiwe nyumbani kabisa saa hiyo. Msikilizaji wangu aliandika tena juzi. Amehamishia mkewe kwa shangazi yake, nyumba iliyo jirani na kituo cha afya, wiki tatu kabla ya tarehe, na ameshamuuliza mganga mfawidhi kama TXA ipo kwenye stoo. Ipo. Aliuliza pia inatunzwa wapi kama umeme ukikatika. Nilimwambia kwamba TXA, tofauti na oksitosini, haihitaji friji, ila friji ya oksitosini aiulizie vilevile.