Jiwe Linalotunza Umri wa Samaki

Je, wajua kwamba kichwani mwa changu kuna vijiwe vinavyokaribiana umri na changu mwenyewe? Vimo ndani ya fuvu, chini ya ubongo, jozi tatu. Wanasayansi huviita otolithi, na bila hivyo samaki asingesikia wala kujua kama ameinama au yuko sawa majini.

Otolithi huanza kama chembe, samaki akiwa bado ndani ya yai. Tangu hapo kila siku huongezewa utando mwembamba wa protini na kalsiamu kaboneti. Magamba huweza kuliwa na mwili wenyewe njaa inapozidi, lakini kijiwe hiki hakipunguzwi. Huongezeka tu, maisha yote.

Ndiyo maana husomeka. Mtaalamu hukikata kipande chembamba, hukisugua hadi kipitishe mwanga, kisha hukiweka chini ya hadubini. Pete za giza na za mwanga hupishana, na kwa samaki wengi kila jozi ya pete ni mwaka mmoja. Mjerumani Johannes Reibisch alizitumia kukadiria umri wa samaki mwaka 1899. Mwaka 1971, Giorgio Pannella alionyesha kwamba ndani ya pete hizo mna mistari midogo zaidi, mmoja kwa kila siku.

Kijiwe hutunza hata anwani. Maji ya bahari yana strontiamu nyingi kuliko ya mto, nayo hunaswa katika tabaka la siku hiyo. Kwa mkunga anayezaliwa baharini na kukulia mtoni, safari hiyo huonekana tabaka kwa tabaka.

Elimu hii ina uzito sokoni. Katika miaka ya 1970 na 1980, meli zilianza kumvua kwa wingi samaki wa kilindini Hoplostethus atlanticus karibu na New Zealand na Australia, umri wake halisi ukiwa haujafahamika. Otolithi zilipochunguzwa, ilibainika kwamba huweza kupita miaka 100, na kwamba huanza kuzaa akiwa na takriban miaka 30. Makundi yake kadhaa yalikwisha kuporomoka.

Kabla ya kupanga kiasi cha kuvua, basi, ni lazima umri wa samaki ujulikane. Nawe siku utakapoandaliwa kichwa cha changu, pasua fuvu taratibu nyuma ya macho: vijiwe viwili vikubwa vyeupe utaviona bila hadubini.