Hazina za PlayStation 2 zilizofunikwa na soka

Kwa vijana wengi wa Bukoba na Muleba, PlayStation 2 maana yake ni soka. Sababu ni ya kibiashara: kwenye vibanda vya gemu mchezaji hulipia mechi, nayo huisha kwa dakika chache. Mchezo wa hadithi unaohitaji saa nyingi hauna nafasi hapo.

Hata hivyo, mashine hiyo iliyozinduliwa nchini Japan Machi 2000, na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ina kazi nyingine za thamani.

Ico (2001) unamhusu mvulana mwenye pembe anayemshika mkono msichana wakitoroka ngome. Maneno yake ni machache, hivyo asiyejua Kiingereza hakwami. Waundaji hao hao walitoa Shadow of the Colossus (2005), ambamo kijana na farasi wake hukabili majitu 16. Katika Okami (2006), mungu wa jua mwenye umbo la mbwa mwitu mweupe hurejesha uhai kwa brashi ya kuchorea. Ulisifiwa sana, lakini mauzo yalikuwa hafifu.

Anayetaka kuicheza nyumbani ahakikishe ana kadi ya kumbukumbu. Bila hiyo, umeme ukikatika ataanza upya. Akague pia kama diski ina mikwaruzo.

Soka la mashine hii lilikoma mwaka 2013, Pro Evolution Soccer 2014 ilipotoka, na wachezaji wake wengi wamekwishastaafu. Hadithi hizo hazijazeeka.