Kugandua Gundi: Msamiati wa Usafishaji wa Rimu za Aloi

Lugha ya ufundi haikui kwa kuongezewa majina ya vitu peke yake. Hukua pia kwa kuvitenganisha vitendo ambavyo mtu asiye fundi huviona kuwa kitendo kimoja. Katika makala haya tunakusudia kulifafanua jambo hilo kwa mfano mdogo wa karakana, yaani kuondoa gundi sugu katika rimu za aloi za magari.

Tuchukue mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012. Magari yaendayo Lamadi, Maswa na Meatu hukutana na lami na vumbi, na vumbi likinasa juu ya gundi huacha weusi usiotoka kwa maji. Wakazi wengi wa huko husema Kisukuma nyumbani na Kiswahili kazini, ilhali maelezo yaliyoandikwa juu ya makopo ya dawa za kusafishia aghalabu ni ya Kiingereza. Baina ya kopo na mkono wa fundi yuko mfasiri. Akikosea kitenzi, rimu huharibika.

Kwanza majina. Tairi ni mpira. Rimu ni duara la metali linaloushika mpira huo. Gurudumu ni vyote viwili kwa pamoja. Aloi ni metali iliyochanganywa na elementi nyingine. Rimu za aloi aghalabu ni alumini iliyotiwa silikoni, kiasi cha asilimia 7, na magnesi kidogo. Juu yake hupakwa rangi na vanishi, na hiyo ndiyo ngozi ya rimu.

Gundi hutokana na vibandiko, na zaidi na vile vipande vizito vinavyobandikwa upande wa ndani ili gurudumu lizunguke bila kutikisika. Tukiviita risasi, kwa kuwa zamani vilitengenezwa kwa risasi, tutapotosha: siku hizi vingi ni vya chuma au zinki. Jina lifuate kazi, si madini. Hivyo twapendekeza neno kisawazishi, kutokana na kitenzi sawazisha.

Sasa vitenzi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hulibatilisha tendo lililokwisha kufanyika: funga hupata fungua, ziba hupata zibua. Vivyo hivyo, bandika hupata bandua, na ganda hupata gandua. Kubandua ni kukitoa kitu kilichobandikwa, mathalani kisawazishi chenyewe. Kugandua ni kuitoa ile gundi iliyosalia na kushikamana. Mfasiri anayeandika "ondoa" kwa hatua zote mbili huificha tofauti ambayo lugha imekwisha kuiweka.

Kazi yenyewe huenda kwa utaratibu huu. Rimu ikiwa imepoa, huoshwa kwa maji na sabuni ili mchanga usije ukaikwaruza. Kisha gundi hulainishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Kisawazishi kilicholegea hubanduliwa kwa kipande cha plastiki. Mabaki hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa dakika chache yaloane, kwani gundi nyingi za namna hiyo hulainika au kuyeyuka katika mafuta ilhali haziyeyuki katika maji. Hatimaye huganduliwa taratibu, hufutwa kwa kitambaa cha pamba, na rimu huoshwa tena kwa sabuni. Mafuta hayo yasifike kwenye breki, kwa maana breki iliyolowa mafuta haishiki. Wala kazi hii isifanywe karibu na moto.

Hapa ndipo penye hatari ya tafsiri. Kukwangua ni kazi ya ukoko wa chungu; hufanywa kwa ncha kali. Kusugua huweza kufanywa kwa kitambaa, lakini pia kwa brashi ya waya au kwa msasa, neno ambalo asili yake ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza. Fundi akiambiwa "kwangua" au "sugua kwa nguvu", rimu itachubuka. Na pale ilipochubuka maji na chumvi hupenya chini ya vanishi na kuila alumini. Kufuta, kwa upande wake, hakuna ukali.

Aidha, neno "dawa" halitoshi. Kilainishi hulegeza, kiyeyushi huyeyusha, na kemikali nyingine hula metali yenyewe. Kostiki soda, itumikayo kutengenezea sabuni, huishambulia alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Tina nayo huweza kuiyeyusha rangi. Kuziita zote "dawa ya gundi" ni kumwachia fundi abahatishe.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaoandaa maelezo ya kazi: bandua kwa kipande kizima, lainisha kwa joto au mafuta, gandua kwa mabaki, futa kwa kumalizia, na kwangua litumike katika makatazo tu. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kilichobuniwa leo. Vyote vimo midomoni mwa watu, na kazi yetu ni kuvipa mahali pake.